Mtoto wa miaka miwili na miezi minne bado ananyonya: nimwachishe, au nimwache aache mwenyewe?

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne na bado ananyonya, zaidi usiku. Mama mkwe anasema mtoto wa kiume akipita miaka miwili kwenye ziwa akili yake inakuwa nzito, na ameniletea shubiri nipake. Muuguzi wa kliniki aliniambia miaka miwili inatosha. Rafiki yangu anayeishi Uingereza anasema nisimkatishe, ataacha mwenyewe akiwa tayari. Mume wangu anataka tupate mtoto wa pili, lakini anaogopa huyu atabemendwa. Chakula anakula kidogo sana. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, watu wanne waliokushauri wanaonekana kubishana, lakini ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba kila mmoja anajibu swali lake. Muuguzi anazungumzia lishe, mama mkwe anazungumzia malezi ya mwanamume, rafiki yako anazungumzia hisia za mtoto, na mume wako anaiwaza mimba ijayo. Kabla sijawapitia mmoja mmoja, naweka msimamo wangu wazi: katika umri wa mwanao hakuna kitu kinachokulazimisha kumwachisha wiki hii, na wala hakuna kinachokulazimisha kusubiri mpaka achoke mwenyewe. Ninalolikataa ni shubiri na kukatisha kwa ghafla. Ninalolihofia, na ambalo hakuna mshauri wako hata mmoja aliyeligusa, ni ile sentensi yako fupi kuhusu chakula.

Nianze na muuguzi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Maneno "au zaidi" yamo katika mkakati wa dunia wa ulishaji wa watoto ambao WHO na UNICEF waliutoa mwaka 2003, lakini katika msongamano wa kliniki zetu, ambako muuguzi mmoja anahudumia akina mama wengi kabla ya saa sita mchana, ndiyo maneno yanayodondoka kwanza. Matokeo yake, akina mama wengi huondoka wakiamini kwamba miaka miwili ni kikomo, ilhali waliouandika ushauri huo walikusudia kiwe kiwango ambacho mtoto asipungukiwe. Hata Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho kwa muda mrefu kilizungumzia mwaka mmoja au zaidi kwa kadiri mama na mtoto wanavyopenda, kilibadilisha mwongozo wake mwaka 2022 na sasa kinaunga mkono kunyonyesha hadi miaka miwili na kuendelea.

Huko Tanga najua miaka miwili haitajwi na kliniki peke yake. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inasema kina mama wanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, kwa anayetaka kukamilisha, na inaendelea kusema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana hapana kosa juu yao. Hukumu ya kuzidisha miaka miwili si fani yangu, na hilo umuulize shehe unayemwamini. Nimeitaja aya kwa sababu ya lile sharti la kuridhiana na kushauriana, ambalo kwa maelezo yako bado halijafanyika nyumbani kwenu: kila mtu amekupa hukumu yake, na wewe na mume wako hamjakaa pamoja mkaamua.

Sasa lishe yenyewe. Si kweli kwamba baada ya mwaka maziwa ya mama hugeuka maji. Mtoto wa mwaka wa pili anayenyonya kwa wastani, yaani karibu nusu lita kwa siku, hupata kutoka humo takriban asilimia 29 ya nishati anayohitaji, asilimia 43 ya protini, asilimia 75 ya vitamini A na asilimia 94 ya vitamini B12. Uchunguzi uliofanyika Israel umeonyesha kwamba maziwa ya akina mama waliopitisha mwaka mmoja wakinyonyesha yalikuwa na mafuta mengi zaidi kuliko ya wale wenye watoto wachanga. Kinga dhidi ya maradhi nayo haikomi mtoto anapotimiza siku fulani, na wakati wa kuhara au homa, mtoto anapokataa kila kitu, ziwa huwa ndilo pekee analolikubali. Nawe mama unafaidika: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha katika maisha ya mwanamke inaambatana na kupungua kwa hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3.

Zirudie hizo asilimia, dada, maana ndizo zinazonifanya nihofie kula kidogo kwa mwanao. Ikiwa maziwa yanatoa chini ya theluthi ya nishati, basi zaidi ya theluthi mbili lazima zitoke kwenye sahani, na kadiri mtoto anavyokua fungu la sahani linaongezeka. Kuna kirutubishi kimoja ambacho maziwa ya mama karibu hayana, nacho ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake, akiba hiyo hupungua sana anapofika miezi sita, na kutoka hapo anategemea chakula. Mtoto anayekesha kwenye ziwa, akaamka ameshiba, akanywa chai ya rangi na kipande cha andazi, kisha mchana akala vijiko vitatu vya wali, anaweza kuonekana mnene na mchangamfu huku akiingia kwenye upungufu wa damu polepole. Chai, isitoshe, huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mlo, na mimi simwoni mtoto wa umri huu kuwa na haja yoyote ya chai.

Kwa hiyo, uamue kuendelea au kuachisha, jambo la kwanza ni kugeuza mpangilio: chakula kitangulie, ziwa lifuate. Mtoto wa umri wake anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku na vitafunwa mara moja au mbili katikati, na kila mlo ukaribie bakuli la robo lita. Maini kidogo, dagaa waliosagwa, samaki, maharage au kunde, pamoja na chungwa au embe baada ya kula ili chuma kifyonzwe vizuri, vitamfaa kuliko ule uji wa lishe wa nafaka kumi unaouzwa sokoni. Nafaka kumi bado ni nafaka, na karanga au mahindi yaliyosagwa zamani na kuhifadhiwa vibaya yanaweza kuwa na sumukuvu. Mpeleke kliniki na kadi yake, apimwe uzito, urefu, wingi wa damu na mzunguko wa mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wenye mzunguko chini ya sentimita 12.5 unahitaji kufuatiliwa, na chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Ikiwa vipimo vyake ni vizuri, hofu yangu inaondoka, na mjadala wa ziwa unabaki kuwa wa familia.

Kuhusu akili ya mtoto wa kiume, mama mkwe wako namheshimu lakini hapa sikubaliani naye. Katika mji wa Pelotas nchini Brazil, watoto waliozaliwa mwaka 1982 walifuatiliwa mpaka wakafika umri wa miaka 30, na walionyonya kwa mwaka mmoja au zaidi walipata karibu alama nne zaidi katika kipimo cha akili kuliko walionyonya chini ya mwezi mmoja. Utafiti huo haukusema kwamba anayenyonya miaka mitatu anamzidi wa miaka miwili, na mimi sitauongezea maneno. Nasema tu kwamba hakuna ushahidi wa kunyonya kuifanya akili iwe nzito, kwa mvulana wala kwa msichana. Ninachokisikia nyuma ya kauli ya mama mkwe ni wasiwasi kwamba mvulana atakuwa mtoto wa mama, hajitegemei, analia hovyo. Hilo ni suala la malezi, na linajibiwa kwa kumfundisha kula mwenyewe, kuvaa mwenyewe na kusubiri zamu yake, mambo ambayo mtoto anayenyonya anaweza kujifunza kama wengine.

Rafiki yako wa Uingereza amekupa mawazo yenye historia yake. Mwaka 1956, akina mama saba wa kitongoji cha Franklin Park, karibu na Chicago, waliunda kikundi kilichoitwa La Leche League wakati ambapo kunyonyesha kulikuwa kumefifia Marekani na chupa imetawala. Kutoka kwenye vuguvugu hilo ilienea kanuni isemayo usimpe asipoomba, wala usimnyime akiomba, na mtoto ataacha kwa wakati wake. Baadaye mwanaanthropolojia Katherine Dettwyler, aliyewahi kufanya utafiti nchini Mali, alilinganisha binadamu na nyani wakubwa kwa kuangalia muda wa mimba, ukuaji wa uzito na kuota kwa magego ya kudumu, akakisia kwamba umri wa asili wa binadamu kuacha ziwa uko kati ya miaka miwili na nusu na miaka saba. Ni hoja yenye mantiki, lakini ni makisio yanayotokana na ulinganisho wa wanyama, na hayawezi kumwambia mama wa Tanga mwenye kazi, mume na mkwe afanye nini Jumatatu. Tafiti nzuri zinazoonyesha kwamba kunyonya kupita miaka mitatu kunamdhuru mtoto kisaikolojia hazipo, na tafiti nzuri zinazoonyesha kwamba mtoto aliyeacha mwenyewe anakuwa na utulivu kuliko aliyeachishwa kwa upole nazo hazipo. Pande zote mbili hubishana kwa sauti kubwa kuliko ushahidi walio nao.

Nina jambo jingine la kumwambia rafiki yako. Kule anakoishi, kunyonyesha mtoto anayetembea ndiko kunakoshangaza watu, na ndiyo maana wanaofanya hivyo hulazimika kujitetea kwa nguvu. Kwetu mtoto wa mwaka na nusu kwenye ziwa hashangazi mtu yeyote. Tatizo letu limekuwa namna ya kumalizia. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliachishwa kwa siku moja, kwa kupaka pilipili, mwarobaini au masizi, au kwa kupelekwa kwa bibi yake akae huko mpaka asahau. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa kazi yake kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi, alifika Kampala mwaka 1954 akikusudia kuchunguza athari za desturi hiyo ya Waganda ya kumtenga mtoto na mama wakati wa kulikizwa. Alikuta desturi yenyewe imekwisha kudhoofika, akageuza utafiti na kuwafuatilia watoto 28 wa familia 26 katika vijiji vya karibu. Moja ya mambo aliyoyabaini ni kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama waliofurahia kunyonyesha na waliozisoma vizuri ishara za watoto wao. Hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linamhusu na mama pia: mama anayenyonyesha kwa kusaga meno, anayechukizwa mtoto akimgusa, hamfaidii mtoto kwa kuvumilia ili atimize kanuni ya mtu mwingine. Ukichoka, una haki ya kuachisha, na huhitaji daktari akuandikie sababu.

Nimfikie mume wako na hofu ya kubemenda. Kwa wasomaji wasiotoka maeneo yenye imani hii: inaaminika kwamba wazazi wakikutana kimwili mama akiwa bado ananyonyesha, au mama akishika mimba nyingine, maziwa huharibika na mtoto hukonda, huhara na kuchelewa kutembea. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, na mbegu za mwanamume haziingii kwenye titi kwa njia yoyote ile. Lakini sipendi kuidharau imani hii, kwa sababu waliyoyaona wazee yalikuwa ya kweli hata kama sababu waliyoitoa siyo. Waliona mtoto mdogo ambaye mama yake ameshika mimba akinyauka. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliueleza mwaka 1933 ugonjwa wa utapiamlo unaovimbisha miguu ya watoto waliolishwa vyakula vya mahindi bila protini ya kutosha, na wenyeji wa huko walikuwa tayari wanauhusisha na kuzaliwa kwa mtoto anayefuata. Mtoto alikuwa anaondolewa kwenye ziwa ghafla, na kilichoshika nafasi ya maziwa kilikuwa uji mtupu. Ubaya wa imani ya kubemenda ni kwamba inamtuhumu mama, akaona aibu kumpeleka mtoto kliniki, na ugonjwa unaotibika kwa chakula na dawa unaachwa ukomae. Mwambie mume wako kwamba mtoto wa miaka miwili na zaidi, anayekula vizuri, hawezi kubemendwa na baba yake.

Kuhusu mimba yenyewe, hukusema kama umeshaanza kuona siku zako. Kunyonyesha huzuia mimba kwa uhakika wa asilimia 98 pale tu masharti matatu yanapokuwepo pamoja: mtoto ana umri chini ya miezi sita, ananyonya pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Wewe umeshatoka kwenye kundi hilo zamani, na ikiwa hedhi imerudi kwa mpangilio wake, kuna uwezekano mkubwa kwamba utashika mimba hata bila kumwachisha. Ikiwa haijarudi, au inaruka, kupunguza kunyonya kwa usiku mara nyingi hutosha kuirudisha. WHO inashauri kuwepo angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kutafuta mimba inayofuata, nawe umeshaivuka. Ukishika mimba huku mtoto ananyonya, na mimba ni ya kawaida, si lazima kuacha, ila chakula chako kiongezeke. Maziwa hupungua na ladha hubadilika kadiri mimba inavyokua, na watoto wengi wa umri huu huacha wenyewe kipindi hicho. Ninaposema asimamishe ni kwa mama anayetokwa damu, anayepata maumivu ya tumbo, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au mwenye mimba ya mapacha.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hesabu nyingine. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unamruhusu anyonyeshe hadi miezi 24 au zaidi akiwa anatumia dawa zake bila kukosa, na uamuzi wa lini aache aufanye pamoja na kliniki inayomhudumia.

Kunyonya kwa usiku kuna tatizo moja ambalo wapenzi wa kunyonyesha hulipita haraka, nalo ni meno. Watoto wanaoendelea kunyonya baada ya miaka miwili, hasa wanaolala na chuchu mdomoni, wameonekana katika tafiti kadhaa kuwa na meno yaliyooza kwa wingi zaidi. Mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya mchele, na kutompa soda, juisi za pakiti na biskuti, vitapunguza sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Mkikubaliana kumwachisha, nashauri mtumie wiki sita hadi nane badala ya siku moja. Ondoa kwanza kipindi kimoja cha mchana ambacho hakililii sana, weka kitu cha kula au mchezo mahali pake, subiri siku nne au tano, kisha uondoe kingine. Usikae kwenye kiti kile kile unachomnyonyeshea, wala usivue nguo mbele yake. Cha usiku kiwe cha mwisho, na hapo mume wako awe ndiye anayemlaza na kumwinukia akiamka, akimpa maji, kwa sababu mtoto akisikia harufu ya mama ataomba. Mwanao ana umri wa kuelewa maneno, hivyo mweleze mapema, kwa maneno yale yale kila siku, kwamba jua likizama ziwa nalo linalala. Usianze akiwa na homa au anahara, wala katika wiki ya kuhama nyumba. Ukishika mimba na ukataka kuachisha, maliza miezi kadhaa kabla ya kujifungua, asije akamwona mgeni kuwa ndiye aliyemnyang'anya.

Shubiri mrudishie mama mkwe kwa adabu. Utomvu wake unaweza kumharisha mtoto, pilipili huunguza kinywa chake na chuchu zako, na vyote viwili humfanya mtoto aogope mahali alipopazoea kwa faraja. Mwombe badala yake akusaidie kwa jambo analoliweza kuliko sisi sote: ale na mjukuu wake mlo wa jioni kila siku, sahani moja, bila kumlazimisha.

Kwa upande wako, matiti yakijaa kamua kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, maana ukikamua yote mwili utaendelea kutengeneza. Usiyafunge kwa kanga iliyokazwa kama wanavyoelekeza wengine, kwa sababu mirija huziba na titi likavimba. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ngumu na ya moto, na homa imeanza, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huku ukisubiri tiba, mtoto anaweza kuendelea kunyonya titi hilo, kwa kuwa kulitoa maziwa ni sehemu ya matibabu, na ratiba ya kuachisha mtaiendeleza ukipona.